Hawthorn, bingwa aliyerithi breki za rafiki yake

AGOSTI 1958, mafundi wa Ferrari kule Maranello, Italia, walipewa kazi isiyo ya kawaida. Walichukua gari la kutembelea, Ferrari 250 GT, wakang'oa breki zake, wakaanza kuzifunga kwenye gari la langalanga. Mwenye gari, Mwingereza Peter Collins, alikuwa ameshazikwa. Aliyezitaka breki hizo ni rafiki yake kipenzi, Mike Hawthorn, ambaye wakati huo alikuwa anaongoza mbio za kuwania ubingwa wa dunia.

Breki zilikuwa za diski, kazi ya kampuni ya Dunlop ya Uingereza. Magari ya langalanga ya Ferrari yalikuwa bado na breki za dramu, na Mzee Enzo Ferrari hakuwa mtu wa kuambiwa abadilishe kitu na madereva wake, tena kwa kununua kutoka kwa Waingereza. Lakini Hawthorn alishajua utamu wa diski. Miaka mitatu nyuma yake alikuwa ameiona pia sura yake nyingine, ile ambayo hakuna anayependa kuikumbuka.

John Michael Hawthorn alizaliwa Aprili 10, 1929, Mexborough, kaskazini mwa Uingereza. Baba yake, Leslie, alikuwa mtu wa pikipiki, za kuendesha na za kutengeneza. Dogo akiwa bado mdogo kabisa familia ilihamia Farnham, kusini, ambako mzee alifungua gereji iliyoitwa Tourist Trophy. Kwa hiyo Mike alikua katikati ya spana na harufu ya petroli. Alipofika utu uzima alikuwa mrefu kupita kiasi, nywele za njano, mcheshi, mpenda bia, na akiingia kwenye gari la mbio alivaa tai ya kipepeo shingoni. Wafaransa wakambatiza jina la Papillon, yaani kipepeo.

Alianza mbio mwaka 1950 na gari dogo la Riley. Pasaka ya 1952, pale Goodwood, aliingia na Cooper-Bristol ambayo hakuna aliyeitazamia. Siku hiyo moja alishinda mbio mbili, na katika ya tatu akawa wa pili. Mwaka uliofuata Ferrari wakamchukua. Julai 5, 1953, huko Reims, Ufaransa, alipigana na Juan Manuel Fangio, nguli wa Argentina, mzunguko baada ya mzunguko, magari yakiwa ubavu kwa ubavu. Mwisho akamzidi kwa sekunde moja tu. Akawa Mwingereza wa kwanza kushinda mbio zinazohesabiwa kwenye ubingwa wa dunia. Alikuwa na miaka 24.

Mwaka 1954 ulikuwa mchungu. Aliungua vibaya kwenye ajali ya Syracuse, Sicily, na alipokuwa bado hajakaa sawa baba yake akafa kwenye ajali ya barabarani. Juu ya hayo magazeti ya kwao yakamsakama kwamba anakwepa jeshi. Kumbe figo zake zilikuwa mbovu, na hilo hakulitangaza. Moja iliondolewa, na iliyobaki haikuwa nzima.

DRAMU NA DISKI

Ili kuelewa kilichokuja baadaye, lazima kwanza uelewe breki zenyewe. Breki ya dramu inafanya kazi ndani ya kitu kama sufuria inayozunguka na tairi. Ukikanyaga pedeli, shuu mbili zinatanuka na kukandamiza ukuta wa sufuria kwa ndani. Msuguano unageuza mwendo kuwa joto. Na hapo ndipo shida ilipo, maana joto lile halina pa kwenda. Dramu ikipata moto inatanuka, inakimbia shuu, na pedeli inazama chini zaidi. Vumbi na moshi vinabaki mle mle ndani. Dereva yeyote wa lori aliyewahi kuteremka mlima mrefu huku amekanyaga breki anaijua ile harufu, na anaijua ile hali ya kukanyaga halafu gari halishiki.

Kwa gari la barabarani linalosimama mara chache kwenye makutano, dramu haikuwa na neno. Tena ilikuwa na faida zake: pedeli laini, na shuu zinazodumu. Lakini mbio ni hesabu nyingine. Mwendo ukiongezeka mara mbili, joto la kulisimamisha gari linaongezeka mara nne. Pale Le Mans, Ufaransa, magari yalikuwa yanatoka kwenye njia iliyonyooka ya karibu kilomita 6 yakiwa na kasi ya zaidi ya kilomita 270 kwa saa, halafu yanaingia kona ambayo hata baiskeli ingepunguza mwendo. Hivyo kila mzunguko, kwa saa 24.

Diski ni bamba la chuma lililo wazi, linapigwa na upepo. Pedi mbili zinalibana kutoka pande mbili, kama vidole vinavyoshika sahani. Likipata moto linanenepa kuelekea kwenye pedi, halizikimbii. Maji na vumbi vinarushwa nje. Dunlop walikuwa wameshazitumia kwenye ndege, na Jaguar wakakubali kuzijaribu kwenye gari la C-type. Mwanzoni ilikuwa vurugu, kwani mafuta ya breki yalichemka na pedi ziliisha haraka. Lakini Juni 1952 Stirling Moss akashinda Reims nazo, na 1953 Jaguar wakachukua Le Mans, Tony Rolt na Duncan Hamilton wakipokezana usukani. Madereva wa dramu walikuwa wanaachia mafuta mapema, wanatazama tu Jaguar inawapita wakati ambapo akili ya kawaida inasema simama.

Hata hivyo diski si dawa ya kila kitu. Zilihitaji nguvu zaidi mguuni, ndiyo maana Jaguar waliweka pampu ya kusaidia pedeli. Na pedi nazo zina tabia zao, jambo ambalo wenye magari ya leo bado wanalikosea. Pedi ya mbio imetengenezwa ifanye kazi ikiwa ya moto. Asubuhi ya baridi, kwenye makutano ya kwanza, haishiki vizuri, inapiga kelele na inakula diski. Pedi ya barabarani inashika tangu mguso wa kwanza, lakini ikipigishwa mizunguko mitano ya nguvu uwanjani inalainika na kuteleza. Anayetaka gari moja la kwenda nalo kazini Jumatatu na uwanjani Jumamosi anatafuta pedi ya katikati. Anabadilisha mafuta ya breki mara kwa mara, kwa sababu mafuta yaliyonyonya maji huchemka mapema na kumwachia pedeli tupu. Na hanunui diski zilizotobolewa matundu kwa sababu tu zinapendeza kwenye picha. Joto la uwanjani huanzishia nyufa kwenye matundu hayo hayo. Diski isiyo na mapambo, nene, yenye njia ya hewa katikati, inatosha kwa wengi.

SAA 12:26 JIONI

Mwaka 1955 Hawthorn akajiunga na Jaguar kwa mbio ndefu. Machi alishinda saa 12 za Sebring, Marekani, akiwa na Phil Walters. Juni 11 akasimama kwenye mstari wa Le Mans na D-type yake. Mpinzani wake ni yule yule Fangio, safari hii na Mercedes 300 SLR.

Mercedes walikuwa na gari bora karibu kila upande isipokuwa mmoja. Breki zao zilikuwa dramu. Walilijua hilo, wakatafuta ujanja: wakaweka bati kubwa nyuma ya dereva ambalo liliinuka kama kifuniko cha sanduku na kukamata upepo, ili kusaidia kupunguza mwendo. Kulitazama ilikuwa burudani. Lakini bati lile lilifaa zaidi mwishoni mwa njia ndefu, pale dereva alipojua kabisa kwamba anakwenda kupunguza mwendo. Kwa dharura ya ghafla halikuwa na msaada mkubwa.

Saa mbili na zaidi za mwanzo zilikuwa moto. Hawthorn na Fangio walipeana nafasi ya kwanza kana kwamba mbio ni za mizunguko kumi, na Hawthorn akaandika mzunguko wa kasi kuliko wote wa mashindano yale. Saa 12:26 jioni, akiwa mbele, ilikuwa zamu yake kuingia kujaza mafuta. Alimpita Lance Macklin aliyekuwa na Austin-Healey ya taratibu zaidi, akakaa kulia, akakanyaga breki kuelekea kwenye vibanda vya mafundi. Enzi zile hapakuwa na ukuta kati ya vibanda na njia, wala njia ya pembeni ya kupunguzia mwendo.

D-type ilishika kama ilivyozoea kushika. Macklin naye alikuwa na diski, lakini alishtukia mgongo wa Jaguar uko puani kwake. Akakwepa kushoto. Nyuma yake zilikuwa zinakuja Mercedes mbili kwa kasi ya takriban kilomita 240 kwa saa, mbele Pierre Levegh, Mfaransa wa miaka 49, na nyuma yake Fangio. Levegh hakuwa na nafasi wala muda. Gari lake lilipanda mgongo wa Austin-Healey kama lililopanda ngazi, likaruka, likagonga ukingo na kupasuka, na vipande vikaingia kwenye umati. Levegh alikufa hapo hapo. Watazamaji zaidi ya 80 walikufa pamoja naye. Fangio alipenya bila kugusa mtu.

Hawthorn alipitiliza kibanda chake na ikabidi azunguke tena. Aliporudi na kushuka hakuwa mtu wa kuongea naye. Alitaka kuacha mbio, bosi wake akamrudisha garini baadaye. Usiku wa manane Mercedes, wakiwa wanaongoza, wakaondoa magari yao kwa heshima ya waliokufa. Hawthorn na mwenzake Ivor Bueb wakashinda. Ule ni ushindi ambao hadi leo watu wanauandika kwa sauti ya chini.

Uchunguzi wa serikali ya Ufaransa haukumtia hatiani dereva yeyote. Lawama ziliangukia njia yenyewe, iliyojengwa kwa magari ya kasi ndogo zaidi. Wengine hawakuridhika. Macklin aliposoma maelezo ya Hawthorn kwenye kitabu chake mwaka 1958 aliona anabebeshwa mzigo, akafungua kesi. Uswisi ikapiga marufuku mbio za uwanjani. Mwisho wa mwaka Mercedes wakajitoa kwenye mbio kabisa.

Kumlaumu Hawthorn peke yake si haki. Alikanyaga breki mahali ambapo gari lake liliweza kusimama. Lakini njia moja ilikuwa imebeba magari yenye uwezo tofauti mno wa kusimama, na dereva aliyezoea diski huanza kuamini kwamba umbali wake mfupi ni umbali wa kila mtu. Aliye nyuma na dramu anasoma alama nyingine kabisa za barabara. Hilo halikuandikwa kwenye sheria yoyote ya mashindano.

MIEZI MIWILI YA 1958

Hawthorn alirudi Ferrari mwaka 1957, na huko akakutana na Collins. Wale jamaa walikuwa kama pacha. Walicheka pamoja, walisafiri pamoja, walikubaliana hata kugawana zawadi za fedha. Na walikuwa wanazungumzia breki. Vanwall ya Uingereza, yenye Moss na Tony Brooks, ilikuwa na diski, na Ferrari yao Dino 246 ilikuwa na injini ya nguvu sana lakini breki za dramu. Kila mwisho wa njia iliyonyooka Vanwall zilikuwa zinakula mita ambazo injini ya Ferrari ilikuwa imezitafuta kwa jasho. Collins, kwa kuchoshwa na kuomba, alilipeleka gari lake mwenyewe la barabarani likafungwa diski za Dunlop. Gari likarudi Maranello likiwa ushahidi wa wazi.

Julai 6 Hawthorn akashinda Reims, siku ambayo mwenzao Luigi Musso alikufa. Julai 19 Collins akashinda Silverstone, Hawthorn wa pili. Agosti 3, Nürburgring, Ujerumani, Collins alikuwa anamfukuza Brooks mwenye Vanwall ya diski, Hawthorn akiwa nyuma yao. Kwenye eneo la Pflanzgarten gari la Collins likapanua kona, likatoka njiani, likapinduka. Hawthorn aliona kila kitu. Collins alikufa jioni ile, akiwa na miaka 26.

Kusema dramu ndizo zilizomuua ni kuzidisha. Kona ile imewashinda wengi. Lakini Hawthorn hakutaka tena kusikia habari ya kusubiri. Aliwaeleza Ferrari kwamba ubingwa unatafutwa dhidi ya watu wenye diski, na kwamba diski ziko hapo hapo uani, kwenye gari la marehemu. Safari hii Mzee Enzo alikubali.

Kabla hazijawa tayari ilibidi aende Ureno na dramu, Agosti 24. Moss alishinda, Hawthorn akawa wa pili baada ya gari kumzimikia mzunguko wa mwisho na kulisukuma. Waamuzi walitaka kumfuta kwa kusukuma kinyume na njia. Aliyesimama kumtetea ni Moss mwenyewe, mpinzani wake, akieleza kwamba gari lilikuwa kando, nje ya njia ya mbio. Pointi zikabaki. Uungwana ule ulimgharimu Moss taji.

Septemba 7, Monza, Dino ya Hawthorn ikatokea na diski za Collins. Aliongoza sehemu kubwa ya mbio, akaja kushindwa na klachi iliyokuwa inateleza, Brooks akampita zikiwa zimebaki chache. Akawa wa pili. Oktoba 19, Casablanca, Morocco, pia alikwenda na diski, na hesabu ilikuwa rahisi: hata Moss akishinda na kuandika mzunguko wa kasi, nafasi ya pili ilimtosha Hawthorn. Moss akafanya yote mawili. Phil Hill wa Ferrari akampisha mwenzake, na Hawthorn akamaliza wa pili. Pointi 42 kwa 41. Moss alikuwa ameshinda mbio 4 msimu ule, Hawthorn moja tu.

Akawa Mwingereza wa kwanza kuwa bingwa wa dunia wa langalanga. Lakini siku ile ile Stuart Lewis-Evans wa Vanwall aliungua, akafa siku sita baadaye. Hawthorn akatangaza kuacha mbio. Alikuwa na mchumba, alikuwa na gereji ya baba yake ya kuendesha, na figo moja iliyokuwa inamwisha.

Januari 22, 1959, siku ya mvua na upepo mkali, alitoka Farnham kuelekea London na Jaguar yake ya 3.4, gari la barabarani alilolitengeneza likawa na mbio. Karibu na Guildford akamkuta Rob Walker, mmiliki wa timu ya mbio waliyefahamiana vizuri, akiwa na Mercedes 300 SL. Mercedes kwa Hawthorn ilikuwa Mercedes tu. Wakaanza kushindana. Jaguar ikaipita Mercedes kwenye mteremko, ikakata kona, na nyuma ikaanza kuteleza kwenye lami iliyolowa. Ikagonga ukingo wa katikati, ikaparaza lori lililokuwa linakuja, ikaishia kwenye mti. Alikuwa na miaka 29.

Wachunguzi walilikagua gari na hawakupata kitu kilichovunjika. Gari likishaanza kwenda ubavu kwenye maji, ni tairi ndiyo imeachia, na diski haina cha kushika. Kesi ya Macklin ikafa pamoja na mshtakiwa. Msimu wa 1959 ulipoanza, magari ya mbio ya Ferrari yalipanga mstari yakiwa na breki za diski za Dunlop.